Utando wa Seli na Mtoto Anayeharisha



Masika yanapoingia hapa Babati, makorongo hujaa, maji ya visima huchafuka, na maradhi ya kuharisha huongezeka. Nyakati hizo husikika majumbani nasaha mbili: mtoto anyimwe maji ili kuhara kupungue, ama apewe soda apate nguvu. Zote mbili zaweza kumwangamiza. Ili tuelewe sababu, hatuna budi kutazama kitu kidogo mno alichokiumba Allah (s.w.) ndani ya miili yetu, nacho ni utando wa seli.

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando. Tando laki moja zikilazwa moja juu ya nyingine, unene wake hauzidi milimita moja. Umefanywa kwa mafuta yaliyojipanga safu mbili: vichwa vinavyopenda maji vimeelekea nje na ndani ya seli, na mikia inayoyakimbia maji imeelekeana katikati. Kila mama ameona jinsi mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi bila kuchanganyika nao. Kwa sababu hiyo hiyo, chumvi na sukari zilizoyeyuka katika maji haziwezi kuupenya utando huo zenyewe. Zahitaji mlango.

Milango hiyo ni protini zilizopachikwa katika mafuta, na kila mlango una wageni wake. Katika utumbo mwembamba upo mmoja wenye ajabu: hupokea chembe mbili za sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, pamoja na moja ya glukosi, ambayo ni sukari. Zikishaingia, maji huzifuata. Mwanasayansi Robert Crane aliyaeleza haya mwaka 1960.

Faida yake hudhihiri katika kipindupindu. Sumu ya ugonjwa huo huzilazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi, maji nayo yakafuata, hata mgonjwa akakauka kwa saa chache. Lakini mlango ule haufungwi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliwahudumia wakimbizi huko Bangaon, India. Dripu zilipopungua, aliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka takriban 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Basi maji matupu hayatoshi, kwa kuwa hayarudishi chumvi iliyopotea. Soda nayo ina sukari nyingi mno. Sukari inayozidi hubaki utumboni, ikavuta maji kutoka mwilini, na kuhara kukazidi.

Lililo bora ni pakiti ya ORS, ichanganywe na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ikikosekana, chukueni lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Msizidishe chumvi, kwani ina madhara. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo kila anapoharisha. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha endeleeni taratibu. Anyonyeshwe na kula kama kawaida, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Kituo cha afya kitampa pia vidonge vya zinki.

Mkiona macho yamedidimia, mtoto amelegea, hawezi kunywa, au choo kina damu, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali, huku mkimnywesha njiani ikiwa anaweza kunywa.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Dawa hii imo jikoni mwetu, na mlango wake umo ndani ya mtoto tangu alipoumbwa. Lililobaki kwetu ni kuchunga kipimo.

Tunamwomba Allah awahifadhi watoto wetu. Amin.