Msitufutie Bendi kwa Kosa la Waya

Usiku wa kuwakaribisha mwaka wa kwanza, bendi yetu ilipangwa kuanza saa 2:15. Saa 2:37 nilikuwa bado nimepiga magoti jukwaani, simu nimeing'ata mdomoni inimulikie, natafuta ni waya gani kati ya waya zote zile unaonisaliti. Ukumbi umejaa. Mtu mmoja kule nyuma akapaza sauti: "Wekeni pleibeki, bwana!" Watu wakaangua kicheko, MC naye akacheka, na mimi kama nisingekuwa na simu mdomoni labda ningecheka. Tulipiga wimbo mmoja tu kati ya minne tuliyoifanyia mazoezi mwezi mzima, na gitaa langu lilivuma kama friji bovu tangu mwanzo hadi mwisho.

Wiki iliyofuata likaja pendekezo: kuanzia usiku wa utamaduni ujao, hakuna bendi. Waimbaji waje na nyimbo zao kwenye flashi, DJ abonyeze, ratiba iende. Sababu iliyotolewa ni moja, kwamba bendi zinachelewesha watu.

Naandika kulipinga pendekezo hilo. Lakini nitakuwa mwongo nisipokiri kwanza kwamba zile dakika 22 zilikuwa zangu. Si za mpiga dramu, ambaye alikaa na fimbo zake mkononi mpaka jasho likamkauka. Si za dada yetu mwimbaji. Wala si za fundi mitambo, ingawa naye nina neno lake, nitalisema baadaye. Zilikuwa zangu na pedali zangu.

Kwa wasiopiga gitaa: pedali ni visanduku vidogo vya chuma ambavyo mpiga gitaa anavikanyaga kubadilisha sauti. Ovadraivu inaikwaruza, dilei inairudia kama mwangwi, korasi inaifanya kama magitaa mawili yanapiga pamoja. Waya wa gitaa unaingia kwenye kisanduku cha kwanza, unatoka kwenda cha pili, hivyo hivyo hadi kwenye amplifaya. Ni mnyororo. Kiungo kimoja kikigoma, wote mnakaa kimya.

Mimi nilikuja na pedali sita ndani ya begi la laptop. Tatu zangu, tatu za kuazima. Kwa nini sita? Jibu ni la aibu kidogo. Nilikuwa nimeangalia sana video za wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani, wale ambao chini ya miguu yao pamekaa kama dashibodi ya ndege, na nilitaka mwaka wa kwanza waone zile taa zikiwaka. Muziki tunaopiga sisi ni dansi na sebene. Gitaa la solo la sebene linataka sauti safi, kali kiasi, inayosikika kila noti. Nusu ya vile visanduku havikuwa na kazi yoyote usiku ule.

Basi nikaanza kuunga. Ovadraivu yangu inatumia betri ya volti 9, na nilikuwa nimeiweka mpya siku ya mazoezi. Imekufa. Nilisahau kwamba kwenye pedali za betri, ukichomeka waya upande wa gitaa kuingilia ndiyo umewasha. Ukiuacha umechomekwa usiku kucha, betri inalika usiku kucha hata kama taa haiwaki. Rivabu ya kuazima haikuwaka kabisa, kwa sababu nilichukua adapta ya ruta ya hosteli, volti 9 sawa, plagi inaingia sawa, ila chanya iko katikati. Pedali nyingi zinataka hasi katikati. Nina bahati sikuiunguza pedali ya watu. Zilizobaki nikazichomeka zote kwenye adapta moja yenye waya wa matawi, na ile adapta nikaichomeka kwenye ekstensheni iliyokuwa inalisha taa za disko. Ule mvumo mliousikia ulitoka hapo.

Baada ya siku ile nilikaa wiki mbili nikijifunza kitu ambacho kwenye video za dashibodi za ndege mtu huwa anakiruka, yaani kilicho chini ya ubao: umeme.

Kila pedali ina kiasi cha umeme inachokula, kimeandikwa mgongoni au kwenye karatasi yake kwa miliampia. Ovadraivu ya kawaida inakula kidogo, mara nyingi chini ya 20. Dilei au rivabu ya dijitali inaweza kutaka 100, nyingine hadi 300. Unajumlisha, kisha unahakikisha chanzo chako kinazidi jumla hiyo kwa nafasi. Hesabu ya darasa la tano, na mimi niko mwaka wa tatu sikuwahi kuifanya. Pili, pedali za dijitali zina kompyuta ndogo ndani, na zikichangia waya mmoja wa umeme na ovadraivu, kelele ya ile kompyuta inapita humo humo na ovadraivu inaikuza. Dawa yake ni pawasaplai yenye matundu yaliyotenganishwa, kila pedali na tundu lake. Si rahisi kwa mfuko wa mwanafunzi. Sisi wapiga gitaa watatu tulichanga bumu lilipotoka tukanunua moja ya mtumba, nayo inazunguka kati yetu kulingana na nani ana shoo.

Ubao wenyewe nimetengenezewa na fundi seremala anayepiga meza nje ya geti, kwa mabaki ya mbao. Ni vipande vinne vya mbao vyenye upenyo kati yao ili waya zipite chini, nyuma umeinuliwa kidogo ili mguu ufike safu ya pili bila kukanyaga ya kwanza. Pedali zimeshikwa kwa velkro, ile mikanda ya kwenye viatu vya watoto. Waya fupi kati ya pedali zimechomekwa na hazichomolewi tena. Nikifika jukwaani nachomeka vitu vitatu tu: umeme, waya wa gitaa, waya wa kwenda kwenye amplifaya.

Na pedali zimebaki tatu. Ya kwanza ni tyuna, ambayo ndiyo pedali muhimu kuliko zote na hakuna anayeisifia. Ukiikanyaga inakata sauti, unaweka nyuzi sawa kimya kimya badala ya kuutesa ukumbi. Inafuata ovadraivu, halafu dilei. Mpangilio una maana: ukiweka dilei mbele ya ovadraivu, mwangwi wote unakwaruzwa pamoja na noti mpya na unapata uji. Na hiyo dilei kwenye ukumbi wetu naipunguza sana, maana zile kuta za saruji zina mwangwi wao wa bure.

Jambo moja zaidi kwa wenzangu wa gitaa. Sauti uliyoitengeneza chumbani, na besi imejaa, ukifika jukwaani inamezwa yote na gitaa la besi na dramu. Punguza besi, ongeza sauti za kati. Chumbani itasikika mbaya. Ivumilie.

Sasa nirudi kwa wanaoandaa. Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni wa serikali yetu, nakuandikia kwa heshima zote. Unachokiondoa ukiondoa bendi si dakika 22. Kwenye pleibeki anayeonekana ni mwimbaji peke yake. Mpiga besi, mpiga dramu, wa gitaa la rizimu, wa kinanda, wote hao hawana mahali pengine hapa chuoni pa kupigia mbele ya watu zaidi ya mabanda ya ibada, na si kila mmoja wetu anasali huko. Nchi hii ina bendi kama Mlimani Park, Sikinde yenyewe, iliyoanza mwaka 1978, na utamu wake mkubwa ni magitaa yanavyojibizana. Kujibizana hakuwekwi kwenye flashi. Kwenye flashi jibu limeshatolewa zamani, umma unaambiwa tu.

Tena, usiku ule ule flashi ya msanii mmoja iligoma kusomwa. Tulikaa kimya dakika kama 8 mpaka ikapatikana nyingine. Sijasikia pendekezo la kufuta flashi.

Ninachoomba upande wenu ni vitu vichache. Bendi zipewe saundi cheki mchana, dakika 15 kila moja, wakati ukumbi haujafunguliwa. Yale matatizo yangu yote yangejulikana saa 9 alasiri. Jukwaa lipate njia yake ya umeme, mbali na taa za disko. Na ikodiwe amplifaya moja ya gitaa, itumike na bendi zote, au basi fundi mitambo aje na kiboksi cha DI. Hapa ndipo lilipo lile neno langu kwake: ovadraivu ukiichomeka moja kwa moja kwenye mikisa, bila amplifaya wala pedali ya kuigiza spika, inatoa sauti ya nyuki ndani ya kopo, na mpiga gitaa ndiye anayelaumiwa.

Na kuna hili ambalo si la sauti. Usiku ule jamaa mmoja aliyekuja kunisaidia, kwa nia njema kabisa, aliniambia nikate waya wa ethi kwenye plagi, ule wa kijani na njano, mvumo utaisha. Ni kweli mara nyingine mvumo unapungua. Lakini ule waya ndio unaokuokoa amplifaya ikipata hitilafu, kwa sababu vidole vyako viko kwenye nyuzi za chuma na midomo yako iko kwenye maikrofoni ya chuma, na kwenye soketi zetu kuna volti 230. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, baada ya kushika maikrofoni ambayo haikuwa na ethi. Mvumo unaondolewa kwa kutumia njia moja ya umeme kwa jukwaa zima, au kwa swichi ya kiboksi cha DI inayotenganisha ethi ya waya wa sauti peke yake. Waya wa plagi hauguswi. Naomba hili lisomwe kwa wasanii wote kabla ya kila shoo, hata kama bendi zitafutwa, maana na wa pleibeki wanashika maikrofoni.

Nimejipima chumbani kwa simu. Kuanzia kufungua begi mpaka noti ya kwanza: dakika 4 na sekunde 10. Mwenzangu wa chumba ni shahidi, amenisikia nikirudia zoezi hilo mara tisa na hataki kulisikia tena. Kwa hiyo tupangiwe usiku wa utamaduni, kwa masharti yenu. Bendi ipewe dakika 5 za kujiandaa, saa iwekwe mezani kwa MC. Dakika ya sita ikinikuta nimepiga magoti, wekeni pleibeki, na mimi nitasaidia kubeba spika kurudisha stoo.