Pamela Jelimo na Hukumu ya Haraka

Katika Sarang'ombe, Kibera, kuna kituo cha matatu kiitwacho Olympic. Makondakta hulinadi jina hilo kutwa kucha, na mtaa uliopo hapo unaitwa vivyo hivyo. Aghalabu abiria hawawazi Michezo ya Olimpiki wanapolisikia. Wao wanawaza nauli.

Mwaka 2008 ulianza vibaya hapo. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliteketeza nyumba na vibanda, na reli ipitayo Kibera ikang'olewa. Bonde la Ufa nako watu waliyahama makao yao. Agosti 18 mwaka huo huo, mjini Beijing, msichana wa miaka 18 kutoka Nandi, Pamela Jelimo, alishinda mbio za mita 800 kwa dakika 1 sekunde 54.87. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Aliyemfuata ni Mkenya mwenzake, Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mwaka 2007. Kwa siku chache nchi iliyokuwa imegawanyika ilikuwa na jambo moja la kushangilia.

Ushindi huo unastaajabisha zaidi mtu akikumbuka kwamba mwaka 2007 Jelimo alikuwa bado mkimbiaji wa mita 400. Mizunguko miwili aliianza kwa dhati mwaka 2008 wenyewe, naye akaikimbia kwa ujasiri wa mtu asiyejua kuogopa: kutangulia mapema na kuwaachia wengine kazi ya kumfukuza. Siku 11 baada ya Beijing, mjini Zürich, alipunguza muda wake hadi 1:54.01, rekodi ya Afrika. Septemba alitwaa peke yake zawadi ya dola milioni 1 ya Golden League.

Kisha yakaja majeraha. Mwaka 2009, katika mashindano ya dunia mjini Berlin, hakuimaliza nusu fainali. Hapo ndipo wengi walipoufunga ukurasa wake. Jelimo akageuzwa tamathali: kimondo, nyota ya msimu mmoja, funzo kwa vijana kuhusu fedha za ghafla. (Mwanamume aumiapo goti huitwa majeruhi; mwanamke, inaelekea, hutafutiwa kasoro ya tabia.) Tamathali ikishapendeza huzoeleka, na mwenye kuitumia hujiona hana haja tena ya kutazama matokeo.

Lakini matokeo yapo. Machi 2012, mjini Istanbul, Jelimo alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 800 ukumbini. Agosti, London, alimaliza wa nne, na waliokwisha kumhukumu wakaona wamethibitishiwa. Aliyemaliza wa kwanza siku ile, Mrusi Mariya Savinova, alivuliwa dhahabu yake mwaka 2017 kwa kosa la dawa za kuongeza nguvu, na Jelimo akahesabiwa miongoni mwa wenye medali. Uwanja ulikuwa umekwisha kuwa mtupu kwa miaka minne na zaidi. Hapakuwa na wimbo wa taifa uliosikilizwa na umati, wala umati uliomlaki. Aliyeitwa ameshindwa alikuwa ameibiwa.

Msichana wa shule Sarang'ombe, ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba kukimbia mita 50 bila kupinda ni bahati, husimuliwa nusu ya habari hii: binti maskini alikimbia, akapata mamilioni, akapotea. Nusu hiyo inamfundisha kwamba mwili ukiuma mara moja basi safari imekwisha. Watunzi wa vitabu vya kiada na watangazaji wa Kiswahili, ambao wanafunzi wengi wa idara za lugha watakuwa miongoni mwao kesho, wanapomtaja Jelimo wa Beijing hawana udhuru wa kuiacha Istanbul, wala kumwacha London katika nafasi ya nne.