Apendaye kasi achague kwa mizani, akakimbie uwanjani

Miongoni mwa maswali ambayo walimu vijana hunitupia katika majilisi, na ambayo wanafunzi wa vyuo hunong'onezana, ni hili: je, mtu wa mshahara wa kawaida aweza kununua gari moja litakalompeleka kazini Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi likamburudisha kwa mwendo wa kasi uwanjani? Wako watakaoshangaa kuiona safu hii, iliyozoea mitaala na mitihani, ikishughulika na magari. Nawasihi wasiwe wepesi wa kuhukumu. Swali hili lagusa mfuko wa mwalimu na, zaidi ya hayo, lagusa uhai wa vijana wetu.

Gari ninalolizungumzia ni lile dogo ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka pamoja na kioo, nalo limepewa na waundaji wake injini, breki na springi bora kuliko za ndugu zake wa kawaida. Kwa kukosa jina lililozoeleka katika lugha yetu, nitaliita gari dogo kali. Ama hiyo shughuli ya uwanjani, si mashindano. Ni siku ambayo uwanja wa mbio hufunguliwa kwa wenye magari ya kawaida. Kila mtu hulipa ada, gari hukaguliwa, helmeti huvaliwa, na madereva huzunguka pasipo gari litokalo upande wa pili, wala matatu, wala mtoto avukaye barabara. Miongoni mwa viwanja vinavyojulikana hapa kwetu kwa mambo hayo ni Whistling Morans, karibu na Athi River.

Wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Hata hivyo, historia yatuonyesha kwamba gari dogo kali lilizaliwa makusudi ili mtu ashike mawili. Mnamo 1976 kampuni ya Volkswagen ilianza kuuza Golf GTI, gari la kawaida la familia lililotiwa injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110, huku uzito wake ukiwa kilo 800 na kitu. Wenye kampuni walikusudia kuunda magari 5,000 tu. Toleo lile la kwanza likaishia kupita magari 450,000. Peugeot nayo ilileta 205 GTI mwaka 1984, na kampuni nyingine zikafuata. Watu walivutiwa kwa sababu moja: gari lilelile lililobeba watoto na viazi vya sokoni liliweza kumpa mwenyewe raha ya kukata kona, wala hakuhitaji kununua la pili.

Ikiwa hivyo ndivyo, kijana wetu achague vipi? Kosa ninaloliona kila mara ni kutazama nguvu za farasi peke yake. Katika mabaraza ya vijana husikii ila fulani ana farasi 200, fulani ana 300, kana kwamba gari ni zizi. Mimi nasema kitu cha kwanza kutazamwa ni uzito.

Chukua mfano wa Suzuki Swift Sport iliyotolewa Japani mwaka 2017. Ina injini ya lita 1.4 yenye turbo, nguvu za farasi 140, na uzito wa kilo 970. Sasa liweke kando yake gari lenye farasi 200 lakini lenye uzito wa kilo 1,400. Mwanafunzi na achukue kalamu agawanye. La kwanza lina farasi 144 kwa kila tani, la pili lina 143. Lile linalosifiwa kwa wingi wa farasi halikumzidi mdogo wake hata kidogo.

Tofauti hudhihirika wakati wa kusimama. Yale mafunzo ya nishati mwendo ambayo wanafunzi huyakariri kwa ajili ya mtihani yana kazi hapa. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari la kilo 970 lina nishati ya kilojuli 374, ilhali la kilo 1,400 lina 540. Dereva akanyagapo breki, karibu nishati hiyo yote hugeuka joto katika diski na pedi. Kasi ikiongezeka maradufu, nishati huongezeka mara nne. Kwa hiyo gari zito hula breki na tairi upesi, na anayelipa ni yule mwalimu.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Mwaka 1974 Joginder Singh, Mkenya mwenzetu, alishinda Safari Rally akiendesha Mitsubishi Colt Lancer ya lita 1.6. Aliyemaliza wa pili alikuwa Björn Waldegård wa Uswidi, naye alikuwa ndani ya Porsche 911. Hapana shaka ustadi wa dereva ulitenda kazi kubwa, lakini lile gari dogo halikumwangusha.

Jambo la pili ni mahali tunapoishi. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Eldoret iko juu zaidi. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Injini yenye turbo husukumiwa hewa kwa nguvu, basi hasara yake huwa ndogo. Mwalimu wa Mombasa aweza kulipuuza jambo hili, bali wa Nakuru asilipuuze. Lakini turbo nayo ina masharti. Huzunguka kwa kasi kubwa katika joto kali, hutegemea oili safi ibadilishwayo kwa wakati, na mara nyingi injini yake hudai petroli ya daraja la juu. Asiyeweza kuyatimiza hayo heri achukue injini isiyo na turbo na kuridhika nayo.

Tuje sasa kwenye ununuzi. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari la abiria lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani sharti uwe upande wa kulia. Ndiyo maana magari yetu mengi hutoka Japani, na machache Uingereza. Mnunuzi asidanganywe na bei ya mnadani. Ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT hujengwa kimoja juu ya kingine, tena juu ya thamani inayokadiriwa na mamlaka ya ushuru, wala si juu ya bei uliyolipa. Mtu huona gari rahisi kule Yokohama, akafika bandarini Mombasa akakuta limekuwa gari jingine kabisa kwa bei.

Aagizaye kutoka Japani adai karatasi ya mnada, ambayo huonyesha daraja la gari, umbali liliokwenda na mahali lilipogongwa. Anunuaye hapa nchini naye achunguze kama nembo ni ya kweli. Herufi kama GTI au RS huuzwa madukani kwa pesa kidogo, na fundi yeyote aweza kuzibandika kwenye gari la kawaida. Namba ya chesisi ndiyo isemayo kweli.

Nikiulizwa mwenyewe ningechagua lipi, nitajibu bila kuzunguka. Kwa anayejiweza, Swift Sport ya 2017 na kuendelea, yenye gia za mkono, ndiyo inayokaribia zaidi haja zetu. Kwa mfuko mwembamba zaidi, matoleo yake ya awali, ya 2005 na 2011, yenye injini ya lita 1.6 isiyo na turbo, au Nissan Note Nismo S, yafaa sana iwapo yatapatikana yakiwa yametunzwa. Golf GTI ni gari zuri, tulivu katika safari ndefu, lakini ni zito zaidi, na vipuri vyake huwa ghali kuliko vya magari madogo ya Kijapani.

Hata hivyo, bei ya kununua ni mlango tu. Ushauri wangu ni kwamba katika kila shilingi kumi ulizo nazo, saba zinunue gari na tatu zibaki. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hizo tatu ni za tairi nne za kuaminika, pedi za breki zinazostahimili joto, oili, na mafuta mapya ya breki. Hayo mafuta ya breki ndiyo yanayosahauliwa zaidi. Asili yake hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za selsiasi, lakini yakishanyonya maji, kipimo kinachodaiwa hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hufanya mvuke, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Dereva wa lori ateremkaye bonde la Mai Mahiu na kijana azungukaye uwanjani wamo katika hatari hiyohiyo moja.

Kipimo changu cha unafuu ni hiki: ikiwa tairi zimekwisha na pedi zimekwisha kwa mwezi mmoja, na huwezi kuzilipia pasipo kukopa, gari hilo si nafuu kwako hata kama ulilipata kwa bei ya kutupa. Wapo wasemao kwamba huu wote ni ubadhirifu, na kwamba mwalimu afadhali anunue shamba. Sina ugomvi nao. Mkopo wa chama cha akiba ukila karo ya watoto, gari lisubiri. Lakini mwalimu ambaye angenunua gari hata hivyo, kwa nini tumkataze lile limpendezalo, maadamu halimzidi sana gharama yule ndugu yake wa kawaida?

Tusisahau zile siku tano za kazi. Swift Sport ninayoisifu iko milimita 120 tu juu ya ardhi, na matuta yetu, hasa yale yaliyojengwa bila vipimo na wenyeji, hayana huruma. Tairi zake zina ukuta mwembamba, na shimo moja la wakati wa mvua laweza kupasua tairi na kupinda rimu. Kwa hiyo wale mafundi wanaokushawishi ukate springi ili gari lilale chini wakatae. Kadhalika bomba la moshi lenye kelele. Gari linalotetemesha madirisha ya darasa la nne halimpi mwalimu heshima mbele ya wanafunzi wala wazazi.

Nimeliacha la mwisho lililo kubwa kuliko yote. Tangu 2021, kila mwaka zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakipoteza maisha katika barabara za nchi hii. Si wote waliouawa na vijana wa kasi, lakini kila anayekaa karibu na barabara kuu zetu ameisikia ile ngurumo ya usiku wa manane, magari mawili yakifukuzana mahali ambapo akina mama wangali wanafunga vibanda vyao. Hapo hapana marshali, hapana helmeti, hapana gari la wagonjwa. Gari nililolieleza katika safu hii, likiwa mikononi mwa kijana asiye na mahali pa kulikimbiza, ni silaha.

Sisi walimu hatuwezi kuliondoa jambo hili kwa mahubiri pekee. Hamu ya kasi imo katika damu ya ujana, nayo haizimwi kwa kukemewa. Yahitaji mahali pake. Ni maoni yangu kwamba wenye viwanja na vyama vya mbio watenge siku za ada ndogo kwa magari ya kawaida, na serikali za kaunti zitoe ardhi kwa viwanja vya vumbi vya autokrosi, ambavyo havihitaji lami wala mamilioni mengi. Vyama vya sayansi vya shule vialikwe vikapime umbali wa kusimama, joto la breki na msuguano wa tairi. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake jinsi gari linavyohitaji umbali mara nne kusimama kasi inapozidi maradufu hatahitaji hotuba ndefu.

Nawe kijana, kabla ya kuingia uwanjani isome bima yako. Bima za kawaida aghalabu huyatenga mashindano na majaribio ya kasi, na hasara itakuwa yako peke yako. Weka akiba kwa ajili hiyo, au punguza mwendo. Funga mkanda, mtii marshali, na ukimaliza mizunguko yako lipe gari nafasi ya kupoa.

Kisha rudi nyumbani kwa mwendo wa sheria, kilomita 50 kwa saa mjini, kama watu wote. Asiyeweza kufanya hivyo baada ya siku ya uwanjani hajastahili gari dogo kali, hata awe na fedha za kununua matatu. Na anayeweza, awe mwalimu au mwanafunzi, sioni kwa nini tumnyime raha yake.