Kwa baiskeli hadi Mtae
Anayetaka kuzunguka kwa baiskeli bila kupigiwa honi na malori aende Usambara Magharibi. Mombo hadi Lushoto ni lami, kilomita 33 hivi za kona na kupanda karibu mita 1,000. Hapo lipishe basi, wala usione haya kushuka na kukokota. Raha inaanza ukishaipita Lushoto, njia za vumbi zinapoambaa na msitu wa Magamba: baridi, ukungu, mbega mitini, bodaboda moja moja. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu hunata magurudumuni, na mteremkoni breki ndizo roho yako (mimi huzikagua mara mbili). Beba koti. Ukifika Mtae, ukingoni mwa milima, nyika ya Mkomazi iko chini yako.