Upishi wa nyumbani ni somo, si picha ya kumtumia mwalimu

TANGU Mtaala wa Umilisi (CBC) uanze kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, wazazi wamekuwa wakipokea kazi za shule ambazo hawakuzizoea. Mtoto huagizwa apike, naye mzazi ampige picha ya kumtumia mwalimu. Yanayofuata yanajulikana: mama hupika, mtoto akavishwa aproni na kushikishwa mwiko, picha ikapigwa, kisha akarudi kutazama runinga.

Lalama kuwa kazi hizi zinawatwika wazazi mzigo zina msingi. Mzazi anayerejea kutoka kibaruani saa mbili usiku hawezi kuanza kusaka viungo vya keki. Hata hivyo, kosa ni kuyageuza mapishi kuwa maonyesho. Chakula cha kila siku, kisichohitaji hata shilingi ya ziada, kina mafunzo tele kwa mtoto wa miaka minne au mitano.

Anayepima mwenyewe kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji hujifunza uwiano kabla hajalisikia neno hilo darasani. Vilevile, anayesubiri unga wa mahamri uumuke hushuhudia kazi ya hamira, ambayo ni viumbe hai vidogo vinavyokula sukari na kutoa hewa. Ukitia maji yanayochemka, viumbe hao hufa na unga hubaki ulivyokuwa.

Lakini somo zito zaidi, kwa maoni yangu, liko kwenye ungo. Itakumbukwa kwamba mwaka wa 2004, watu 125 walifariki katika maeneo ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo hutokana na kuvu inayoota kwenye nafaka isiyokaushwa vyema, na kuchemsha hakuiondoi. Ni kweli kwamba sumu yenyewe haionekani kwa macho. Hata hivyo, mtoto aliyezoeshwa kuchagua punje zilizooza na zenye ukungu, akaelezwa kwa nini hata kuku wasitupiwe, amepata elimu ya afya ambayo wengi wetu tuliipata kwa kusoma habari za misiba.

Kazi hizo za kuchagua, kuosha na kupima hufanyiwa mbali na moto, jambo muhimu katika nyumba za chumba kimoja ambamo jiko na kitanda vinakaribiana. Wavulana nao wasifukuzwe jikoni, kwani wao pia hula.

Badala ya kudai picha, mwalimu angemwuliza mwanafunzi wake Jumatatu asubuhi: Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yaliiva upesi kuliko yale makavu? Ulijuaje? Aliyekuwa akitazama runinga atakosa la kujibu, na hapo mwalimu atajua ni nani aliyepika.