Kosa Liko Katika Breki au Katika Rangi?

Wakaaji wa Nairobi wanaijua habari hii bila ya kusimuliwa. Asubuhi na mapema magari mawili ya abiria yanafuatana kuelekea mjini. La kwanza ni jeupe, limechoka, tairi zake zimekwisha hata nyuzi zaonekana, na moshi wake ni mweusi kama wa tanuri. La pili ni jipya, limepakwa rangi za kila namna, limechorwa nyuso za wachezaji wa mpira na waimbaji, taa za buluu zinamulika ngazi zake na muziki wake wasikika toka mbali. Askari wa barabarani amesimama kando ya njia. Anainua mkono. Je, ni gari gani linalosimamishwa? Msomaji, hukukosea. Ni lile la pili.

Mimi mwenyewe nimepata kukaa ndani ya gari la namna hiyo, nikienda kazini. Askari alilizunguka mara moja. Hakuinama kutazama tairi. Hakuuliza habari za breki. Hakuomba kuona cheti cha ukaguzi. Alimwambia dereva maneno matatu tu: "Hii michoro yako." Makanga akashuka, wakaenda wote wawili nyuma ya gari, na kabla abiria hawajamaliza kunung'unika akarudi mbio akapiga bodi kwa kiganja, tukaondoka na michoro ile ile. Basi nauliza: ikiwa michoro ile ilikuwa hatari saa kumi na mbili na robo, iligeukaje kuwa salama saa kumi na mbili na dakika kumi na saba?

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la vijana wenye makelele, na kwamba gazeti la chama lina mambo makubwa zaidi ya kuzungumza. Hatukubali. Sheria ya nchi mwananchi wa kawaida haijui kwa kusoma vitabu vya mahakama. Anaijua kwa mkono wa askari anayemsimamisha njiani. Mkono huo ukiwa wa haki, ataiheshimu serikali. Ukiwa wa upendeleo, hata hotuba mia hazitamrudisha.

Tukumbuke kwanza asili ya magari haya. Jina matatu latokana na nauli ya zamani, mapeni matatu ya senti kumi kumi. Zamani hizo kampuni moja ya mabasi ilikuwa na haki ya peke yake ya kubeba abiria mjini Nairobi, na mwananchi aliyejaribu kuwabeba wenzake kwa gari lake bovu alifukuzwa na polisi kama mwizi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatamka kwamba magari hayo yaruhusiwe kufanya kazi bila ya leseni ile iliyokuwa ikidaiwa. Kwa siku moja, waliokuwa wakiwindwa wakawa watumishi wa umma. Gari halikubadilika, abiria hawakubadilika. Kilichobadilika ni jicho la serikali.

Mwaka 2003 alikuja Waziri John Michuki na kanuni zake, zilizoanza kutumika Februari 2004. Tusimnyime marehemu haki yake. Kanuni zile zilitaka kila gari la abiria liwe na mikanda, liwe na kidhibiti mwendo kisichopita kilomita 80 kwa saa, na abiria wakae kila mmoja juu ya kiti chake. Aliyekuwa akisafiri huku amekunjwa kama nguo sandukuni aliona nafuu kubwa. Lakini pamoja na mambo hayo ya maana ulikuja mstari wa manjano ubavuni, na michoro mikubwa ikafutwa. Hapo mambo mawili yakafungwa katika furushi moja: usalama wa mtu, na sura ya gari. Tangu siku hiyo askari wengi wamesahau lipi lilikuwa lipi.

Michoro ilirudi polepole, kwa kuwa watu waliipenda. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba vijana waachwe wachore, kwani hiyo ni kazi yao na kipaji chao. Wachoraji wakafurahi. Lakini kauli njema ikitoka juu bila ya kuandikwa vizuri chini, askari wa njiani huitumia apendavyo. Leo michoro ni sanaa, kesho ni kosa, kesho kutwa ni sanaa tena, na kila mgeuko una bei yake.

Tazama sasa ni nani wanaoumia. Gari hizi ambazo vijana huziita nganya hazishuki kutoka mbinguni. Chesisi inanunuliwa, kisha bodi inajengwa na mafundi wa hapa hapa nchini. Yuko fundi wa kuchomelea, yuko wa viti, yuko wa umeme, yuko wa vioo, yuko mchoraji. Mwenye gari ametia humo mamilioni ya shilingi, mara nyingi kwa mkopo. Kijana wa Umoja, wa Buruburu au wa Rongai ambaye hakupata ofisi amepata humo kazi ya mikono yake. Kila kitu kidogo kinachotolewa njiani kinakatwa katika ujira wa watu hao, na kinachobaki kinaongezwa katika nauli ya mama anayekwenda sokoni.

Sasa tuwape nafasi wanaopinga, maana hoja isiyosikiliza upande wa pili ni makelele tu. Wanasema: nganya ndizo zinazokwenda mbio, ndizo zinazopanda kando ya barabara, ndizo zinazotia muziki hata mgonjwa asilale. Yako mambo ya kweli hapo. Sisi sote tumewaona madereva wanaoendesha kana kwamba roho za watu ni mizigo ya makaa. Lakini dereva akienda mbio, ashtakiwe kwa kwenda mbio. Akipanda kando ya barabara, ashtakiwe kwa hilo. Mwenye makelele ashtakiwe kwa makelele. Kumkamata mtu kwa rangi ya gari kwa sababu wenye rangi kama hiyo wengine hukosa, hiyo si sheria, ni ramli.

Habari ya vioo vyeusi pia tuitazame kwa haki. Mwaka 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani na wahuni katika vituo vya magari, na fedheha nyingine ya namna hiyo ikatendwa ndani ya gari la abiria. Basi mtu akisema kwamba gari la umma lisiwe na vioo vinavyoficha yanayotendeka ndani, twamuunga mkono kwa mikono miwili. Lakini sheria hiyo ikiwa nzuri, mbona haifiki kwenye gari la bwana mkubwa lenye vioo vyeusi kama usiku, lenye king'ora na taa za kumulika, nalo si gari la wagonjwa wala la zima moto? Gari hilo nalo limegeuzwa, halikutoka kiwandani hivyo. Askari hulipigia saluti. Hapo ndipo tunapojua kwamba kinachotazamwa si kioo, bali ni nani aliyekaa nyuma ya kioo.

Na hasara ya desturi hii si ya dereva peke yake. Alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018 basi lililotoka Nairobi kwenda Kakamega lilianguka Fort Ternan, na watu zaidi ya 50 wakafa. Wakuu wa trafiki walieleza kwamba basi hilo halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Lilisafiri usiku kucha katika barabara kuu, barabara zenye polisi. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kurudisha kanuni za Michuki kwa nguvu, magari mengi yakabaki majumbani, na maelfu ya watu wakaenda kazini kwa miguu. Twauliza kwa heshima: kibali cha usiku kinaonekana katika mchoro? Breki zinaonekana katika rangi? Kila dakika askari anayotumia kubishana juu ya picha ya mwimbaji, gari lenye breki mbovu linapita nyuma yake.

Wazee wetu wanaikumbuka desturi ya kumhukumu mtu kwa alama ya nje. Baada ya vita vya kwanza vya dunia serikali ya kikoloni ilimvalisha Mwafrika wa Kenya kipande, akikitundika shingoni ndani ya kikopo cha chuma, na askari yeyote aliweza kumsimamisha njiani akidai akione. Hatusemi kwamba rangi ya gari ni kipande. Shida za babu zetu tusizifanyie mchezo. Twasema kwamba tabia ya kumwona mtu na kumtia hatiani kabla ya kujua alilotenda ni mti ule ule, na mti wa mkoloni hatukuung'oa ili tubaki tukimwagilia mizizi.

Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kulisema neno hili wazi. Kifungu cha 27 chasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Kifungu cha 49 chasema anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake. "Hii michoro yako" si sababu. Ni kianzio cha bei.

Basi tunataka nini? Tunataka mambo matatu, wala hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, gari la abiria lililokwisha pita ukaguzi wa serikali lisisimamishwe kwa sura yake. Wakaguzi waamue mambo ya bodi, taa na vioo, wayaandike katika cheti, na askari wa njiani atazame cheti hicho, tairi na mwendo.

Pili, anayesimamishwa aandikiwe kosa lake kwa jina, na faini ilipwe kwa stakabadhi. Kosa lisiloweza kuandikwa si kosa.

Tatu, na hili latuhusu sisi wenyewe: wenye magari na madereva waache kulegeza vidhibiti mwendo na kisha kulia upendeleo. Wala makanga asishuke na noti mkononi. Sheria ya hongo ya mwaka 2016 inawatia hatiani wote wawili, mtoaji na mpokeaji. Abiria nao, ambao hunyamaza ili wawahi kazini, wajue kwamba kimya chao ndicho kinacholipa ada ya kesho.

Wanachama, jambo hili lizungumzwe katika matawi. Waiteni madereva na mafundi wa mitaani kwenu, wasomeeni Kifungu cha 49, kisha waambieni na wao wajibu wao. Tukienda kwa wakubwa wa polisi, twende na mikono safi, na twende na neno moja wanaloweza kulitimiza kesho asubuhi: askari akiinua mkono, aanze kwa kutazama breki.