TUJIFUNZE UFUNDI: Miguu ya Ndege



Mwezi huu tuzungumze juu ya miguu ya ndege. Wengi tunatazama mabawa tu. Lakini kila ndege iliyoruka lazima itue, na hutua kwa miguu.

Nilikuwa Ibaba, wilayani Ileje. Nilimkuta mtoto wa shule na ndege aliyoitengeneza mwenyewe. Mwili ulikuwa bua la mahindi, mabawa yalikuwa ya katoni. Magurudumu matatu aliyakata kwenye ndala iliyochakaa: mawili mbele, moja dogo mkiani. Aliisukuma kwenye nyasi. Ikaenda kidogo, ikaangukia pua. Akaisukuma tena, ikaanguka tena. Babu yake akasema, "Mjukuu wangu, tupa takataka hizo ukafanye kazi." Mtoto akainamisha kichwa.

Nikamwomba babu atuvumilie kidogo. Jambo lililomshinda mtoto yule liliwasumbua pia mafundi wakubwa wa ndege.

Ndege za zamani

Ndege ya ndugu wawili wa Marekani, akina Wright, iliruka mwaka 1903. Haikuwa na magurudumu. Ilitua mchangani kwa mbao mbili, ikateleza. Baadaye mafundi waliweka magurudumu mawili makubwa mbele, na kigurudumu mkiani. Ndege ikawa inakaa kama mbwa aliyeketi: pua juu, mkia chini.

Walikuwa na sababu. Viwanja vilikuwa vya nyasi na mashimo. Pua ikiwa juu, pangaboi haipigi ardhi. Tena kigurudumu cha mkiani ni chepesi.

Ndege za namna hiyo zilifika karibu na Ileje. Mwaka 1932 kampuni ya Uingereza, Imperial Airways, ilianza kupeleka barua kwa ndege kutoka London hadi Cape Town. Katika nchi yetu zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwaka 1937 kampuni hiyo ilileta ndege zenye tumbo kama la mashua. Hizo zilitua majini, Dar es Salaam na Lindi. Njia kuu ikahamia pwani. Mbeya haina bahari, ikaachwa kando. Unaona, ndugu msomaji? Namna ndege inavyotua ndiyo huamua itue kwa nani.

Ndege za kukaa kama mbwa zina kasoro. Zikiwa chini, pua humziba rubani asione mbele. Pia uzito uko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo mkia hupenda kuzunguka na kuipita pua. Ndiyo maana ndege nyingi za sasa zina gurudumu puani, na magurudumu makubwa yako nyuma kidogo ya uzito. Ndizo zinazotua Uwanja wa Songwe, ulioanza kazi mwaka 2012. Uwanja huo ni wa lami.

Kosa la mtoto

Sasa turudi Ibaba. Umewahi kushuka mlima kwa baiskeli ukakamata breki ya mbele ghafla? Gurudumu husimama, lakini mwili wako unataka kuendelea. Unaruka juu ya usukani. Ndivyo ilivyokuwa ndege ya mtoto. Nyasi zilishika magurudumu, na uzito ukaendelea mbele.

Tulirekebisha hivi:

1. Tuliiweka ndege juu ya vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa. Tulivisogeza mpaka ikatulia bila kuinama. Hapo ndipo penye uzito.

2. Tulikuta magurudumu makubwa yako chini ya hapo hasa. Tukayasogeza mbele, mpaka chini ya ukingo wa mbele wa bawa. Hatukuzidisha, maana yakiwa mbele mno, ndege huyumba na kugeuka.

3. Tulikata magurudumu makubwa zaidi. Mtoto alikuwa ameyapima kwa kufuata picha ya ndege ya kweli. Alikuwa sahihi, lakini ndege ameipunguza, nyasi hakuzipunguza. Gurudumu dogo huzama.

Akaisukuma. Ndege ikakimbia juu ya nyasi hadi kwenye uzio, mkia ukiwa chini. Babu alinyamaza. Kisha akasema, "Lete, nami niisukume."

Ndugu mzazi, mtoto wako akitengeneza gari la waya au ndege ya mabua, usiitupe. Muulize kwa nini inaanguka. Akitafuta jibu, anajifunza kupima na kusahihisha kosa. Hiyo ndiyo kazi ya fundi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini ndege za zamani zilikaa pua juu?

2. Kwa nini njia ya ndege ilihama Mbeya mwaka 1937?

3. Ukipakia mzigo kwenye baiskeli au mkokoteni, uzito uwe wapi? Eleza sababu.